Bakuli za Mama Rajabu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeosha gari mara mbili. Damu ikishaingia kwenye reli za machela haitoki kwa maji peke yake. Omo, jiki, mswaki wa zamani wa binti yangu Neema. Ni jamaa wa Ilembo, kakatwa panga na shemeji yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mkono ulikuwa umeshikwa na ngozi tu. Njia nzima anauliza mahindi yake nani atayapalilia. Sista Devota, muuguzi wangu wa zamu, alimkalia kabisa, goti kwenye bega, anabana mshipa kwa vidole.

Tulipofika hospitali Sista aliingia bafuni, akafunga mlango, akatoka anacheka na wenzake. Ndivyo tulivyo. Mimi huwa naosha gari.

Shija bodaboda wa getini akanitania kama kawaida. Gari yetu anaiita basi la bure. Akauliza basi la bure leo limepata abiria au limepata nyama. Nikacheka. Nilicheka kweli.

Nyumbani nimekula ugali na samaki. Mke wangu, Mama Neema, haulizi ya kazini. Aliacha kuuliza siku nyingi.

Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi misa. Nimepakwa majivu, nikaenda nayo kazini usoni. Kwaresima hii nimesema naacha nyama na naacha hasira.

Mchana simu. Kakese, siku ya gulio, mwizi anapigwa. Mpigaji hakujitaja.

Tuna sheria yetu ambayo hakuna mkubwa aliyeiandika. Mtu akiwa anapigwa na wananchi, unaingia bila king'ora. Alinifundisha Mzee Sikazwe, aliyeendesha kabla yangu, marehemu sasa. Alisema ingia kama gari la mkaa. Wakisikia king'ora wanadhani polisi, na kundi lenye haraka ni baya kuliko kundi lenye hasira.

Leo niliwasha. Kulikuwa na ng'ombe barabarani, kundi kubwa, wale wa kuhamahama. Sista akaniambia zima. Nikamwambia huoni ng'ombe. Nikazima tulipofika shuleni, karibu na gulio.

Watu walikuwa wanakimbilia mahindini. Uwanja mtupu. Ndala, nyanya zilizokanyagwa, kiatu kimoja cha mtoto. Kijana amelala kifudifudi. Tofali la saruji pembeni ya kichwa. Kichwa sitakiandika. Tairi lilikuwa tayari, petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa, hawakuwahi kuwasha.

Sista alimwekea vidole shingoni. Alikaa navyo pale muda mrefu, sio kawaida yake. Kisha akaniangalia.

"Ametoka sasa hivi," akasema. "Sasa hivi hii."

Nilivua koti langu la kazi nikamfunika. Watu wakaanza kurudi na simu zao kupiga picha. Mama mmoja akawa anaokota nyanya zake moja moja, nyingine anafuta kwenye kanga, nyingine anatupa. Nilitamani kumpiga. Kwaresima siku ya kwanza.

Jina Rajabu. Kijana wa Makanyagio, mama yake anauza dagaa sokoni mjini. Alikuja kuuza dagaa za mama yake. Wengine wanasema aliiba pikipiki. Wengine wanasema aliiegemea tu. Sijui.

Tulifika tumechelewa. Ndio hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi ndogo ndogo. Nimeziba pancha.

Shingo yake ilikuwa ya moto.

Ijumaa, 7 Machi

Mama yake alikuja hospitali. Mwanamke mfupi, mweusi, ana kilemba cheupe, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Nilidhani amekuja kulalamika. Nikajificha nyuma ya gari, nikajifanya naangalia tairi. Mtu mzima.

Alinikuta huko huko. Alikuwa na koti langu. Amelifua, amelipiga pasi, limekunjwa kama nguo ya sikukuu. Damu yote imetoka. Mimi na jiki yangu sijawahi kutoa damu namna ile. Akasema walimwambia dereva ndiye aliyemfunika mwanawe, na watu wengine wote walikuwa wanapiga picha. Akasema amekuja kuniona uso.

Nikasema pole mama. Akauliza kama alisema neno lolote. Nikamwambia hapana, tulimkuta ameshatulia. Akauliza aliumia sana. Nikasema hapana, ilikuwa haraka.

Ndio maneno tunayosema. Tunawaambia wote hivyo.

Jioni Shija akaniletea bakuli, limefunikwa kwa sahani. Futari. Mihogo ya karanga na uji wa pilipili manga kwenye kopo. Mama Rajabu akitoka sokoni anapita getini, akamwachia Shija anipe. Shija mwenyewe amewekewa ya kwake kwenye kifuniko. Hakutania leo. Alinipa bakuli kama anaachia kitu cha moto.

Nimekula. Ilikuwa tamu.

Jumapili, 9 Machi

Bakuli jingine jana. Jingine leo. Tambi, viazi vitamu, maharage. Mama Neema anasema bakuli la watu halirudi tupu, nitie kitu nirudishe. Na marehemu mama alitufundisha hivyo kule Ufipa, hata kama ni chumvi ya kufunika kidole, tia. Natia nini?

Nimeziosha, nimezipanga chini ya kabati.

Kanisani watu wananishika mkono. Habari imefika. Dereva aliyevua koti. Padre alinitaja kwenye mahubiri, hakutaja jina lakini kila mtu aligeuka. Nilitazama viatu vyangu.

Jumanne, 11 Machi

Shija ameniambia.

Nilikuwa ndani ya gari nasubiri Sista. Alikuja na bakuli la leo, akaliweka kwenye bodi ya mbele, hakuondoka. Alinuka gongo mchana kweupe. Akasema, "Baba, mimi hiki chakula sileti tena. Mtafutie mtu mwingine."

Nikamuuliza kuna nini. Akaingia akakaa upande wa Sista, akafunga mlango.

Alikuwepo Kakese. Alipeleka abiria gulioni. Yowe la mwizi lilipopigwa alikimbia na wenzake, kwa sababu mwizi wa pikipiki ni adui wa kila bodaboda. Alimpiga teke moja la mbavu. Alirudia hiyo mara nyingi, moja tu baba, moja tu. Mbavu zililia kama kikapu. Akaogopa. Akatoka nje ya kundi, akaenda nyuma ya banda la chipsi, akatupigia simu. Ndiye mpigaji.

Halafu akasema jambo ambalo sikuuliza.

Alisema yule kijana alikuwa ameshajua la kufanya. Alikuwa amelala, amelegea, amefumba macho, kama maiti. Hata alipopigwa hakutingishika. Watu walidhani amekufa na walianza kuchoka. Wengine walishaondoka. Wawili walikuwa wanabishana nani alete kiberiti, hakuna mwenye nacho, wanatumana. Shija aliona kidole chake kinacheza na akajua yuko hai, akamwombea akae hivyo hivyo.

Ndipo king'ora kikasikika.

"Aliinua kichwa, baba. Akainua na mkono, hivi, kuelekea barabarani. Alikuwa anawaonyesha nyie. Kuna mtu akasema kumbe bado huyu. Akabeba tofali."

Shija akashuka. Bakuli likabaki kwenye bodi ya mbele. Sista alipokuja akauliza mbona nimewasha gari na hatuendi popote.

Jumatano, 12 Machi

Niliandika ng'ombe. Hakukuwa na ng'ombe.

Barabara ilikuwa nyeupe mpaka Kakese. Niliwasha kwa sababu niliogopa. Wakati fulani huko nyuma kundi lilivunja kioo cha gari tukiwa ndani, likataka kunishusha mimi nipigwe kwa kumbeba mwizi wao. Nilikojoa kwenye suruali. Sista wa wakati ule aliona, hakusema. Tangu hapo nikisikia neno mwizi kwenye simu, nafunga vioo vyote.

Nilitaka watawanyike kabla sijafika. Nilitaka nikute mtu amelala na uwanja mtupu, nisiangalie macho ya watu. Nikapata hivyo hivyo. Mtu amelala, uwanja mtupu.

Nilijua sheria. Sista alisema zima. Nikasema uongo wa ng'ombe, yeye amekaa pembeni yangu anaona barabara haina hata mbuzi.

Mimi nimemuua huyu mtoto. Sikushika tofali. Nilimwita tu, akaitika.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Rajabu alimtuma mtu kunialika futari nyumbani kwake. Nilitaka kukataa. Mama Neema akasema mtu aliyefiwa akikuita humkatalii, akanitolea shati.

Nyumba ndogo Makanyagio, barabarani kabisa, pale gari yangu inapopita kila siku. Nimepita pale nikiwa na king'ora sijui mara ngapi na sikujua ni kwa nani. Mbele ameanika dagaa kwenye neti. Wamekaa ndugu zake kwenye mkeka, shemeji yake wa Kigoma mwenye ndevu za hina, majirani. Walinisogezea nafasi katikati. Wao walikuwa wamefunga mchana kutwa, na tende ya kwanza wakanipa mimi.

Kabla ya kula mama akasimama. Hakulia. Alisema, "Huyu ndiye aliyemsitiri mwanangu."

Shemeji akainua mikono akaniombea dua. Mungu amsitiri aliyemsitiri mwenzake. Wote wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.

Nikala. Nilishika mihogo kwa mkono ule ule wa swichi.

Wakaanza kuongea habari za Rajabu. Alikuwa mwoga wa mbwa. Alikuwa akijifanya amelala mama yake akimwita kuteka maji, na anajua sana kujifanya, hata ukimfinya hatingishiki, mpaka usikie anacheka mwenyewe. Walicheka wote. Mama alicheka mpaka akafuta macho na kilemba.

Nikaomba radhi nikatoka nje. Nilitapika nyuma ya choo chao. Wakasema ni pilipili.

Jumamosi, 15 Machi

Kusitiri. Sisi kanisani tunasema kufunika tu. Wao wana neno moja la kufunika maiti na kuficha aibu. Nimesitiriwa vya kutosha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeongea na Sista Devota. Tulikuwa tunasubiri mafuta. Nikamwambia alichoniambia Shija, kuhusu kichwa. Teke sikusema. Ya Shija ni ya Shija.

Akakunja vidole. Kumbe vidole vyake navyo vimebaki pale shingoni. Akasema anaosha mikono mpaka mumewe anamuuliza kuna ugonjwa gani umeingia. Akasema mwanawe akilala kifudifudi anamgeuza.

Nikamwambia nataka kumwambia yule mama.

Akakasirika. Nimefanya naye kazi miaka yote hii sijamwona hivyo. "Utampunguzia nini, Baba Neema? Wewe utashusha mzigo wako, yeye ataubeba. Sasa hivi ana kitu kimoja kizuri cha siku ile. Koti lako. Unataka umnyang'anye na hilo?"

Nikashuka kufungua tanki. Swali lake nimekuja nalo nyumbani.

Nilimweleza pia mkubwa wa usafiri. Sikuona nimwogope nani tena. Akasikiliza huku anachezea funguo. Akasema njiani kuna mambo mengi, kwenye kitabu cha safari niliandika ng'ombe, ng'ombe ni ng'ombe, niende kazini. Nikamwambia hakukuwa na ng'ombe. Akasema, ng'ombe ni ng'ombe.

Jumanne, 18 Machi

Shija hayupo getini. Pikipiki amempa mwenzake. Wanasema amerudi kwao Majimoto, wanasema gongo. Bakuli sasa linaletwa na mlinzi. Mama Rajabu bado anaweka na kifuniko cha Shija. Mlinzi anakula, anasema yule mama anapika.

Mimi sili. Nampa mlinzi na la kwangu. Bakuli nachukua, naosha, naweka chini ya kabati.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimeona nilipofika.

Tulitumwa Mamba kuchukua mjamzito. Uchungu tangu juzi, damu. Mumewe mkulima wa mpunga, kijana mpole, akapanda mbele na mimi, amekumbatia ndoo yenye nguo za mtoto. Sista nyuma na mgonjwa. Barabara ya hifadhini tope tupu. Mbung'o wanaingia dirishani. Mbele yetu Fuso la mpunga, limekamata katikati ya njia, linaenda mwendo wa jeneza. Dereva kafungulia muziki. Napiga honi, hasikii.

Swichi ya king'ora iko hapo. Kidole kinafika, hakibonyezi. Nilikiona kidole changu kimekaa hewani kama cha mtu mwingine. Nikasikia mtu anasema kumbe bado huyu.

Nyuma Sista anagonga kioo, anapiga kelele kwamba anampoteza. Yule mume ananiangalia. Akauliza kwa adabu, baba, hii gari si ina king'ora? Nikasema inacho. Akauliza, sasa mbona hupigi? Akaanza kubonyeza mwenyewe. Akawasha wipa. Akawasha taa. Akawasha redio. Ndoo imemwagika miguuni, soksi ndogo ndogo za mtoto ziko kwenye tope. Akabonyeza tena, kikalia.

Nilikanyaga breki. Sijui kwa nini. Nilidhani kuna mtu ameinua kichwa barabarani. Gari ikazunguka, ikaingia mtaroni. Nyuma kukawa na kishindo na yule mama akalia mlio mmoja, ukakatika. Watu wa Fuso ndio walioshuka kutusukuma. Mume anasukuma na wao, analia, ananitukana kwa Kipimbwe, na mimi naelewa kila tusi.

Mama amepona. Mtoto hapana. Daktari anasema pengine alishachoka toka Mamba. Pengine.

Sista alishuka, damu mpaka viwikoni, paji lake limepasuka pale alipogonga chuma. Hakwenda bafuni leo. Alisimama mbele yangu mbele ya watu wote.

"Ama uendeshe, ama ushuke."

Ijumaa, 21 Machi

Nimeosha gari. Nimekuta soksi moja chini ya kiti. Ya njano.

Kunyamaza kwangu nako kunaua. Nilidhani nikinyamaza nalipa. Kumbe naongeza wengine.

Jibu la Sista nimelipata. Mama Rajabu simwambii ili nipumzike. Namwambia kwa sababu anamlisha mtu asiyemjua. Akishajua, achague mwenyewe wa kumlisha. Kama nakosea basi nakosea.

Jumamosi, 22 Machi

Nilinunua mchele sokoni, ule wa Mamba. Nikatia kwenye bakuli zote, zikajaa, nikazifunga kwenye shuka kama mgonjwa. Mama Neema alisimama mlangoni ananitazama. Nilimwambia usiku wa jana, yote, na habari ya suruali yenye mkojo nikamwambia. Akaniwekea mkono mgongoni, muda kidogo. Akasema nenda kabla ya adhuhuri, watu wenye swaumu mchana wamechoka.

Nilimkuta amekaa chini nje anachambua dagaa, anatoa vijiwe. Aliponiona na bakuli akafurahi. Akasema leo nimekumbuka. Akasema kumbe Wafipa nao wana adabu. Utani wake wa kwanza kwangu. Nikakaa chini kwenye kigoda.

Nikamwambia. Nilianza na sheria ya Mzee Sikazwe. Nikasema nilijua. Nikasema nilikatazwa na sikuzima. Nikasema nilisema ng'ombe na hakukuwa na ng'ombe, niliogopa. Yeye anaendelea kuchambua. Kijiwe, kijiwe. Nikasema Rajabu alikuwa amejifanya amekufa na walikuwa wanaondoka. Anachambua. Nikasema tulipopiga king'ora aliinua kichwa.

Mkono ukasimama juu ya dagaa.

Pikipiki zinapita. Kuku wa jirani alikuja akadonoa dagaa mbele yake, hakumfukuza.

"Alisikia?" akauliza.

"Alisikia."

"Akajua mnamjia yeye."

"Alijua, mama. Aliinua na mkono."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu kirefu. Nikasubiri anipige. Nilitaka anipige. Kulikuwa na mchi wa kinu pale karibu na mkono wake, niliuangalia, naye akauona naangalia. Akausogeza mbali.

"Uliniambia ilikuwa haraka," akasema.

Nikasema nilidanganya.

Alinyanyuka. Akafungua shuka langu. Akachukua bakuli la kwanza, akamimina mchele kwenye shuka, akafuta bakuli kwa kanga yake, akaweka pembeni. La pili. La tatu. Zote, bila haraka, hakuna punje iliyoanguka. Akafunga shuka fundo mbili, akanisukumia miguuni.

"Mchele wako huu. Bakuli zangu nimepokea."

Akaingia ndani. Nikasikia komeo.

Nimeubeba mchele mpaka nyumbani kwa miguu. Mama Neema ameutia kwenye debe. Hakuna aliyeupika.

Jumapili, 23 Machi

Mlinzi aliuliza leo futari imekwama wapi. Nikamwambia imefika mwisho.

Sijapumzika. Sista alisema nitashusha mzigo. Sijaushusha. Ila sasa naujua uzito wake.

Alhamisi, 27 Machi

Ajali Sitalike, lori na pikipiki ya watu watatu. Wawili kwenye lami, mmoja juu ya mti. Nimesema kweli, juu ya mti. Nilibonyeza swichi tangu getini mpaka kule. Kidole kilifika, kikabonyeza. Sista alinipa pipi.

Tulipopita Makanyagio nilifumba jicho moja. Upande wa kwake.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Watoto wamevaa miwani za plastiki, wanapiga filimbi. Niko zamu.

Alikuja getini mchana. Amevaa nguo nyeusi, sio ya sikukuu. Hakuingia. Nilienda mpaka kwenye geti, yeye nje, mimi ndani. Amekonda. Nikasema Idd njema mama, halafu nikajuta kusema. Hakujibu salamu. Sikumdai.

Alisema amefikiri sana kunishtaki, na kwa nani, na kwa kosa gani. Kupiga king'ora. Watamcheka. Walioua wanauza nyanya na yeye amewaona, wanamsalimia. Alisema mimi ndiye peke yangu niliyekuja kusema, na hiyo ndiyo inayomuumiza zaidi, kwa sababu angependa kunichukia vizuri na hawezi kunichukia vizuri. Sijasamehe, akasema. Usidhani nimesamehe.

Nikasema sidhani.

Akashika chuma cha geti.

"Ukipita pale kwangu, zima. Kila kikilia, namwona anainua kichwa."

Nikamwambia nitazima.

Aliondoka. Watoto wa filimbi walimpisha njia wenyewe, bila kuambiwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua imepungua. Mahindi ya Ilembo yamezaa, yule jamaa wa mkono alikuja kliniki na mahindi mawili ya kuchoma kwa ajili ya Sista. Alimpa kwa mkono wa kushoto, ndio uliobaki.

Leo tumembeba mzee wa Kakese, moyo. Mzee alikuwa anapumua. Nilipiga king'ora barabara yote. Pale kwenye mashine ya kusaga nikazima. Sasa Sista hashangai, anaangalia mbele tu. Tulipita Makanyagio kama gari la mkaa, matairi tu yanasikika, na mtungi wa oksijeni nyuma. Darajani nikawasha tena.

Mama Rajabu alikuwa nje, anageuza dagaa kwenye neti. Nilimwona vizuri.

Hakuinua kichwa.